911 Turbo na 944 Turbo: maneno ya watu na ukweli wenyewe

Kila zikitajwa Porsche za zamani zenye tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu) watu wanakimbilia 911 Turbo, ile ya kwanza ambayo kiwandani inaitwa 930, alafu 944 Turbo wanaicheka eti Porsche ya maskini, injini yenyewe ya Volkswagen. Hapana jamani. Hiyo stori ni ya Porsche nyingine, 924, ndo ilikuwa na injini ya lita 2.0 yenye asili ya Audi na Volkswagen. Ya 944 Porsche waliichora wenyewe, yaani ni kama wamechukua V8 (injini ya silinda nane) ya Porsche 928 wakaipasua nusu, zikabaki silinda nne za lita 2.5. Nadhani kinachowachanganya ni kwamba gari lilikuwa linaundwa kiwanda cha Audi pale Neckarsulm.

Wengine watakwambia 911 Turbo ndo gari la kwanza kuuzwa na tabo. Wapi! Hiyo imeingia sokoni 1975, Wamarekani walishatoa Corvair na Oldsmobile Jetfire za tabo tangu 1962, na BMW wakaleta 2002 Turbo 1973.

Sasa hili la kwamba tabo ya 930 inaua. Kuna ukweli, ila tabo inasingiziwa peke yake. Injini imekaa nyuma kabisa, imepita mpaka ekseli ya nyuma, na tabo yenyewe inachelewa kuamka, kwahiyo uko katikati ya kona unakanyaga mafuta husikii kitu, unaongeza, bado kimya, mara nguvu yote inakuja kwa mkupuo, unashtuka unaachia mafuta, uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinakosa mshiko na ule mzigo wa injini unavuta tako la gari lizunguke. Mguu ulioachia ndo umemaliza kazi! Na gia zilikuwa nne tu, ya tano imekuja 1989. 944 injini iko mbele, giaboksi nyuma, uzito karibu nusu kwa nusu, ndo maana inakusamehe.

Eti 944 ni kobe? 944 Turbo S ya 1988 ina nguvu ya farasi 250, 930 ya lita 3.3 ina 300. Kwenye kuondoka 930 inatangulia, ila kwa spidi ya mwisho kiwanda kiliziandikia zote kilomita 260 kwa saa.

Lile la kuacha injini iungurume kidogo kabla ya kuzima, kwa 930 ni sawa kabisa maana tabo yake inapozwa na oili tu, ukizima ikiwa ya moto oili inaungulia ndani kwenye beringi. Tabo ya 944 Turbo inapozwa na maji pia, na kapampu ka umeme kanaendelea kuyazungusha hata ukishachomoa funguo (ukikasikia usikimbilie kwa fundi).

Ila wanaosema 944 ni rahisi kutunza kwa sababu ya silinda nne, hapo nawapinga pia. Taimingi belti (mkanda unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake) ikikatika valvu zinagongana na pistoni, injini kwisha. 930 inatumia cheni.