Pua ile ile, picha mbili

Msichana wa miaka 15 alininyooshea simu yake kabla hata hajaketi. "Angalia pua yangu." Ilikuwa selfi, uso umejaa skrini nzima. Tangu aipige picha ile, hakuwahi kutoka nyumbani bila fondesheni na mistari miwili ya poda nyeusi pembeni mwa pua ili ionekane nyembamba. Kazi hiyo ilimchukua karibu saa nzima kila asubuhi, na alishaanza kuchelewa shuleni.

Mimi ni mwanasaikolojia wa vijana balehe. Sikumwambia kwamba pua yake ni nzuri. Wazazi wake walishamwambia, naye aliyachukulia maneno yao kama ya watu wasio na hiari ila kumpenda. Niliiegesha simu kwenye rafu, nikamsimamisha umbali wa mita moja na nusu, nikampiga picha, kisha nikaikuza mpaka uso ukalingana na ule wa kwanza. Akazitazama zote mbili kwa muda mrefu. "Hizi ni pua mbili," akasema.

Lenzi inapokuwa sentimita 30 tu kutoka usoni, pua inakuwa karibu nayo kuliko mashavu na masikio, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuivimbisha. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji nchini Marekani, waliokuwa wakiletewa selfi na watu wanaotaka kupunguzwa pua, walipiga hesabu wakaona kwamba kwa umbali huo pua huonekana pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko inavyoonekana kutoka mita moja na nusu. Yaani mtoto huyu alikuwa akipaka poda kuficha kosa la lenzi.

Hilo ni la kamera. La kujilinganisha ni zito zaidi. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba mtu hujipima kwa kujilinganisha na wenzake, hasa wale anaowaona wa kiwango chake. Zamani sura iliyosafishwa ilikuwa ya mwanamitindo kwenye jalada la gazeti, mtu wa mbali. Leo ni ya mwanafunzi anayekaa dawati la pili, amepitishwa kwenye filta iliyomfuta chunusi na kumkuza macho. Huyo ni wa kiwango chake, kwa hiyo kipimo kinauma. Nyaraka za ndani za kampuni inayomiliki Instagram, zilizovuja mwaka 2021, zilionyesha kwamba kati ya wasichana waliokuwa tayari wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema mtandao huo uliwazidishia.

Na mambo haya hayakuanza na simu. Mtafiti Anne Becker aliwachunguza wasichana wa shule katika eneo moja la visiwa vya Fiji ambako televisheni ilifika mwaka 1995. Mwaka huo hakumpata hata mmoja aliyejitapisha ili apungue uzito. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.

Norway imewalazimisha watangazaji wa biashara, tangu Julai 2022, kuweka alama kwenye picha ya mwili iliyorekebishwa. Ninaiunga mkono sheria hiyo, ila siitegemei. Majaribio mengi ya alama kama hizo yameonyesha kwamba msichana huisoma na bado hujilinganisha. Jicho humaliza kazi yake kabla akili haijafika.

Sasa vipodozi vyenyewe. Sivipigi vita. Nimeona wasichana wanaopaka wanja kwa furaha ya mchoraji, leo kijani, kesho hakuna kitu. Swali langu kwa mzazi ni moja: siku poda imekwisha, mtoto anatoka au hatoki? Asiyetoka amenaswa, na kinachomnasa ni hiki. Akienda shuleni amejificha na siku ikapita salama, moyo wake humshukuru fondesheni. Hapati kamwe nafasi ya kugundua kwamba siku ingepita salama vilevile bila hiyo. Kila siku njema inaongeza hofu. Ukimnyang'anya vipodozi kwa nguvu, hofu inabaki pale pale, na sasa ana aibu ya kuongezea.

Wakubwa hupenda kuwaambia wasichana hawa kuwa uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Msemo una hekima yake, lakini kwa anayelia mbele ya kioo haujibu kitu. Hajisifii uzuri, anajiona hana. Na mama anayejisonya kila akipita kioo, "nimezeeka, nimeharibika", anafundisha somo ambalo hakulikusudia.

Kwa hiyo mimi na msichana yule wa selfi tulianza kidogo kidogo. Dakika kumi nje bila mistari ya pua, halafu safari nzima, halafu siku ya shule. Kabla ya kila jaribio aliandika utabiri wake, na akirudi aliandika kilichotokea. Mwanasaikolojia David Elkind mwaka 1967 aliieleza hadhira ya kufikirika ambayo kijana balehe huhisi inamtazama kutwa. Karatasi ile humwezesha kuihesabu. (Mzazi ukiona mtoto anamaliza saa nyingi kwenye kioo kila siku, anakataa shule au anaacha kula, usijaribu haya peke yako. Mpeleke kwa mtaalamu.)

Bado anapaka wanja, na anaupaka vizuri. Karatasi yake ya kwanza ninayo kwenye jalada. Upande wa utabiri ameandika: "Watu kumi watanitazama pua." Upande wa pili, kwa mwandiko ule ule: "Mmoja alinitazama. Aliniuliza saa."