Mfumo Mpya wa Gia Hautakubadilishia Gia: Dhana Potofu kuhusu Baiskeli za Umeme za Milimani

Karibu kila mteja anayeniletea baiskeli ya umeme ya milimani kwa sababu ya gia huwa amekwisha kujipangia tiba kabla sijaitazama. Cheni inaruka, gia zinagonga zinapohama, kwa hiyo anataka mfumo mzima ung'olewe na kufungwa wa daraja la juu. Nikimuuliza anabadilishaje gia akiwa mlimani, hujibu kwamba anabonyeza swichi na kuendelea kukanyaga, kwani mota ipo na vifaa ni vya kisasa. Tatizo liko hapo, na hakuna kaseti (rundo la sproketi, yaani magurudumu ya meno, kwenye gurudumu la nyuma) inayouzwa popote inayoweza kuliondoa.

Dhana: Mfumo wa gia ulio ghali huhama vizuri hata ukikanyaga kwa nguvu zote

Dereila, kifaa kinachohamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine, huisukuma cheni upande wa chini, ambako imelegea, lakini mvuto wote wa mguu na wa mota uko upande wa juu. Cheni haihami papo hapo swichi inapobonyezwa. Husubiri mpaka sehemu maalumu za sproketi, zenye meno yaliyochongwa na ngazi ndogo za kuipandisha, zifike mahali pake, kisha kwa muda mfupi hukalia sproketi mbili kwa pamoja ikiwa imepinda kwa ubavu. Katika muda huo mzigo wote hubebwa na meno machache, na bamba za cheni husukumwa upande ambao hazikuundwa kustahimili nguvu. Cheni iliyonyooka ni vigumu kuikata kwa kuivuta tu. Nyingi ninazoletewa zikiwa zimekatika zilianza kwa bamba la nje kuachia pini yake wakati gia ilipobadilishwa chini ya mzigo, na siku zilipokatika kabisa mwenyewe alikuwa kwenye tambarare, akiilaumu cheni.

Ukubwa wa mzigo wenyewe unahesabika. Chukua mota yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 85, kiwango cha mota ya Shimano EP8 na cha Bosch Performance Line CX ya kizazi cha 4 baada ya kuongezewa nguvu mwaka 2020, pamoja na sproketi ya mbele yenye meno 34. Nusu kipenyo cha sproketi hiyo ni karibu milimita 69, kwa hiyo mota peke yake huivuta cheni kwa takriban nyutoni 1,240. Mwendeshaji wa kilo 80 aliyesimama kwa uzito wake wote juu ya pedali, kwenye krenki (mkono wa pedali) ya milimita 170, huongeza zaidi ya nyutoni 1,900. Jumla yake inazidi uzito wa kilo 300 zikining'inia kwenye cheni yenye upana wa milimita tano na kidogo, na katika hali hiyo ndipo swichi inapobonyezwa. Kwenye baiskeli ya kawaida mlima mkali humchosha mwendeshaji, naye hulegeza mguu bila kufundishwa na mtu. Mota haichoki, kwa hiyo kosa lile lile hurudiwa kwa nguvu kamili kutoka chini hadi kileleni.

Ni kweli kwamba watengenezaji wamepiga hatua. Mfumo wa gia wa Hyperglide+ wa Shimano, uliotoka mwaka 2018 pamoja na seti ya vifaa ya XTR M9100, huielekeza cheni inapokwenda kwenye sproketi kubwa na inaporudi kwenye ndogo, na mfumo wa Transmission wa SRAM wa mwaka 2023 uliundwa waziwazi ili uhame chini ya mzigo. Sina ubishi kwamba yote miwili huhama vizuri kuliko iliyoitangulia. Hata hivyo, ukichunguza Transmission inavyofanikiwa, utaona kwamba hufanikiwa kwa kusubiri: cheni hairuhusiwi kuhama mpaka njia iliyopangwa kwenye kaseti iifikie, na wasioizoea hudhani kuwa inachelewa kuitikia. Uvumilivu ambao mwendeshaji hakutaka kuutoa bure ameulipia. Isitoshe, dereila yake haifungiki kwenye fremu isiyotengenezwa kwa kiwango cha UDH, kiwango cha pamoja cha sehemu ya kufungia dereila, na wapo wanaonunua kwanza na kuuliza baadaye.

Kinacholainisha gia ni mguu. Mota za katikati za baiskeli hizi, zilizofungwa penye krenki, hupima shinikizo la pedali na kulizidisha, kwa hiyo ukilegeza shinikizo bila kuacha kuzungusha, mota nayo hulegea pamoja nawe. Ninawaagiza wateja waangalie njia iliyo mbele na wabadilishe gia kabla mlima haujawabana. Walegeze mguu mpaka wahisi pedali zinazunguka karibu bila uzito. Wabonyeze swichi mara moja tu. Wazungushe krenki walau nusu mzunguko wakiwa bado wamelegea, ndipo wakanyage tena. Wanaobonyeza gia tatu kwa mkupuo huilazimisha cheni ivuke sproketi kadhaa ikiwa imepinda, na si bahati kwamba SRAM hutengeneza swichi za baiskeli za umeme zinazohamisha gia moja tu kwa kila mbonyezo.

Nusu mzunguko haitoshi kila mahali. Ukiwa na meno 34 mbele na 51 nyuma, mzunguko mzima wa krenki huizungusha kaseti theluthi mbili tu, hivyo sehemu za kuhamia huchelewa kufika, na gia za mlimani ndizo zinazodai muda mwingi zaidi. Anayesubiri mpaka pedali zikaribie kusimama ndipo atafute gia nyepesi amekwisha kuchelewa, kwa sababu hawezi kulegeza bila kusimama na cheni haiwezi kuhama bila kaseti kuzunguka. Hali ya mota nayo ina uzito wake. Mota ya CX niliyoitaja huongeza hadi asilimia 340 ya nguvu ya mwendeshaji ikiwa kwenye Turbo, hali ya msaada mkubwa kabisa, na asilimia 60 ikiwa kwenye Eco, hali ya kubana betri. Mguu unaojidhania kuwa umelegea bado huamsha msukumo mkubwa kwenye Turbo. Mtu anayejifunza kubadilisha gia nampeleka Eco kwanza, apende asipende.

Tahadhari nyingine ni kwamba kuacha kabisa kuzungusha pedali hakuifanyi cheni iwe huru wakati huo huo. Baadhi ya mota huendelea kusukuma kwa kitambo kifupi baada ya miguu kusimama, jambo linalosaidia sana kuvuka jiwe au mzizi, lakini ukibonyeza swichi ndani ya kitambo hicho mguu umepumzika na cheni bado imekazwa. Legeza, usikatishe.

Dhana: Mota hujikata yenyewe gia inapobadilishwa

Baadhi hufanya hivyo, hasa pale gia za kielektroniki zinapowasiliana moja kwa moja na mota, kama Di2, gia za kielektroniki za Shimano, zinavyofanya na mota yao ya EP801. Mota isiyounganishwa na swichi ya gia kwa waya wala kwa redio haina njia ya kujua kwamba umebonyeza. Programu yake inaweza kukisia tu kutokana na badiliko la ghafla la mzigo, na badiliko hilo huonekana wakati cheni tayari imeanza kuhama. Huo ni msaada mdogo, nao hauchukui nafasi ya mguu.

Dhana: Gia kumi na mbili ni bora kuliko kumi

Kwenye baiskeli isiyo na mota, ngazi ndogo kati ya gia na gia humwezesha mwendeshaji kulinda nguvu chache alizonazo. Mota huziba mapengo hayo yenyewe. SRAM waliliona hilo mwaka 2016 walipotoa EX1, kaseti ya sproketi nane tu kutoka meno 11 hadi 48, na Shimano wakafuata mwaka 2021 na Linkglide, ambayo ina sproketi nene zaidi na ambayo, kwa majaribio ya Shimano wenyewe, kaseti yake hudumu mara tatu ya kaseti zao za kawaida. Mteja akiniuliza nini cha kufunga kwa ajili ya kazi ngumu, namwambia Linkglide ya gia kumi au kumi na moja, hata kama jirani yake atamcheka. Onyo ni kwamba uwiano wa mvuto wa waya wake ni tofauti, hivyo swichi, dereila na kaseti hubadilishwa kwa pamoja. Kuchanganya na vifaa vya Hyperglide ni kujitafutia gia zisizotulia.

Fanya hesabu pia ya sproketi ndogo unazozilipia. Kwa gurudumu la inchi 29 lenye mzingo wa takriban mita 2.3, meno 34 mbele na pedali zikizunguka mara 80 kwa dakika, kilomita 25 kwa saa, ambako msaada wa mota hukoma katika Umoja wa Ulaya, hufikiwa kwenye sproketi ya nyuma yenye meno 15. Zote zilizo chini ya hiyo ni za kuteremkia.

Dhana: Kaseti ya bei kubwa ndiyo imara

Bei kubwa hununua wepesi. Sproketi kubwa za kaseti ghali huwa za alumini, na alumini huisha haraka kuliko chuma. Kupunguza gramu mia kwenye baiskeli yenye kilo zaidi ya ishirini, kisha kulipia kwa uhai wa sproketi unayoitumia zaidi mlimani, ni biashara ninayoikataa kila ninapoulizwa.

Dhana: Sproketi kubwa ya mbele huongeza kasi ya mota

Kikomo cha msaada hupimwa kwenye gurudumu, kwa hiyo idadi ya meno haikisogezi. Hata hivyo, sproketi kubwa ya mbele ina faida ambayo watu hawaiulizii: mota ile ile ya nyutonimita 85 huivuta cheni kwa takriban nyutoni 1,400 kwenye meno 30, na 1,170 kwenye meno 36. Ukiwa na kaseti yenye sproketi kubwa ya kutosha nyuma kufidia, cheni na meno hupumua. Hakikisha tu kwamba sproketi inalingana na mota yako na mstari wa cheni haukusogea, na kwamba fremu ina nafasi ya kuipokea.

Dhana: Mota ipo, gia moja inatosha

Mota hizi hufanya kazi vizuri pedali zinapozunguka kati ya mara 70 na 90 kwa dakika. Anayepanda mlima taratibu kwenye sproketi ya meno 13 hula betri na kuipasha mota joto mpaka ijipunguzie nguvu yenyewe, na kwa kuwa mzigo wote umewekwa kwenye meno kumi na matatu, sproketi hiyo moja huisha wakati zilizobaki bado mpya. Baadaye huja kuniambia kwamba kaseti ilikuwa mbovu.

Dhana: Cheni ikiruka, waya wa gia unahitaji kukazwa

Kabla ya kugusa waya, na kabla kabisa ya kufungua pochi, pima hanga ya dereila, kipande kinachoishikilia kwenye fremu, kwa kipimo chake. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, au ikilazwa vibaya kwenye gari, hanga hupinda kiasi ambacho jicho halikioni lakini gia hukihisi, na hakuna marekebisho ya waya yatakayoifanya dereila iliyoinama ilingane na sproketi zote. Nimekwisha kuondolea wateja hamu ya mfumo mpya kwa kunyoosha kipande hicho peke yake, na siku hizi sikubali kuagiza kifaa chochote kabla sijaipima hanga.

Ikiwa hanga imenyooka, pima uchakavu wa cheni. Kwa mifumo ya gia 11 na 12 ibadilishe ikirefuka kwa asilimia 0.5, na kwa ya gia 9 na 10 kwenye 0.75; usiulize ni kilomita ngapi, kwa sababu tope na mtindo wa kuendesha ndivyo vinavyoamua. Cheni iliyopitiliza hapo hula kaseti kwa umbo lake, na cheni mpya juu ya kaseti iliyokwisha kuliwa huruka papo hapo mota inaposukuma.

Cha mwisho kuangaliwa, ambacho mafundi wengi hukiruka, ni pengo kati ya gurudumu dogo la juu la dereila na sproketi kubwa kabisa. Kwenye fremu yenye shokomzoba ya nyuma pengo hilo hubadilika mwendeshaji anapokaa, na kwa dereila za SRAM Eagle zisizo za Transmission hupangwa mwendeshaji akiwa juu ya baiskeli na shokomzoba ikiwa imeshuka kwa uzito wake. Likipangwa baiskeli ikiwa imening'inizwa kwenye stendi, gia hubadilika vizuri pale kwenye stendi tu.