Je, wajua kansa ya damu inaanzia kwenye seli moja tu?

Huku Dodoma mtu akianza kuvimba chini ya mbavu upande wa kushoto, anakonda, usiku jasho linamtoka mpaka shuka linalowa, watu wanasema hiyo ni bandama, malaria imekomaa, na wengine wanampeleka kuchanjwa chale. Mara nyingine kweli ni malaria. Ila kuna anayepimwa FBP, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu, na seli nyeupe zinakutwa zimepita laki moja kwenye maikrolita moja ya damu, wakati kawaida ni kama elfu 4 mpaka 11, hapo ndo familia inasikia leukemia, yaani kansa ya damu, na kuanza kuulizana kwenye ukoo nani alikuwa nayo.

Mara nyingi hakuna, tena naomba hili lieleweke vizuri maana kina mama wengi wanabebeshwa lawama bure.

Damu inatengenezwa kwenye uloto, ule ulio ndani ya mifupa, na kila siku seli zinajigawa kwa mabilioni, kila moja inanakili kromosomu zake 46, zile nyuzi zinazobeba maelekezo ya seli. Sasa kwenye aina ya leukemia inayokwenda polepole, inayoitwa CML, kromosomu namba 9 na namba 22 zinakatika halafu zinabadilishana vipande, jeni (kipande cha maelekezo) inayoitwa ABL inaenda kugandana na jeni nyingine, BCR. ABL kazi yake ni kuiamuru seli igawanyike na huwa inawashwa na kuzimwa, ila ikishaungana na BCR haizimiki tena, ni kama bodaboda iliyonasa mafuta. Seli moja inazaa mbili zenye kosa lilelile, mbili zinazaa nne, miaka inapita mtu hajui chochote na bandama inazidi kujaa.

Leukemia kali, zile zinazokuja kwa kasi, ambazo ndo zinawapata sana watoto, makosa yake ni mengine, seli zinagoma kukomaa na zinajaza uloto, ndo maana mtoto anapungukiwa damu, fizi zinavuja, homa haziishi. Mionzi na kemikali ya benzini zinaongeza hatari, lakini wagonjwa wengi chanzo hakijulikani kabisa.

Ile kromosomu 22 iliyofupika waliiona Peter Nowell na David Hungerford kule Philadelphia mwaka 1960, Janet Rowley wa Chicago akaonesha mwaka 1973 kwamba ni kubadilishana vipande, na mwaka 2001 Marekani ikaidhinisha imatinib, kidonge kinachoizuia protini yenyewe inayotengenezwa na ile jeni iliyoungana ya BCR-ABL. Wengi wenye CML wanaishi nacho miaka na miaka wakifanya kazi zao kama kawaida, shida ni anayejisikia nafuu akaacha dawa bila kumuuliza daktari, zile seli mara nyingi zinakuwa bado zipo kwenye uloto na zinaanza tena kuzaana.