Walter Scott: riwaya ya historia ilitokea mahakamani

Nikiulizwa mahali pa kuanzia kumsoma Walter Scott, mwandishi wa riwaya wa Uskoti, sitaji riwaya zake maarufu, Waverley wala Ivanhoe. Nataja The Heart of Midlothian, ya mwaka 1818.

Scott alizaliwa Edinburgh mwaka 1771. Hata miaka miwili hajatimiza, polio ikamlemaza mguu wa kulia, akapelekwa shambani kwa babu yake huko Sandyknowe, karibu na mpaka wa Uskoti na Uingereza. Huko alikulia katika nyimbo na visa vya vita vya zamani. Wengi huishia hapo wanapoeleza chimbuko la riwaya zake. Mimi naitazama zaidi kazi yake ya sheria, maana tangu 1806 alikuwa karani wa mahakama kuu ya madai ya Uskoti, akiandika riwaya huku akishika kalamu ya serikali.

Tazama kisa chenyewe. Effie Deans anashtakiwa kwa kumuua mwanawe mchanga, na maiti haijaonekana. Sheria ya Uskoti ya 1690 ilimhesabu mwanamke kuwa muuaji akificha mimba, akajifungua bila kuita msaada, kisha mtoto akafa au akatoweka. Dada yake, Jeanie, angeweza kumwokoa kwa neno moja: kuapa kwamba Effie alimweleza kuwa ni mjamzito. Jeanie anakataa kuapa uongo. Effie anahukumiwa kunyongwa, na dada huyohuyo anafunga safari hadi London, njia kubwa kwa miguu, kumwombea msamaha kwa Malkia Caroline, mke wa Mfalme George II. Scott alichota kisa hiki katika maisha ya Helen Walker, mwanamke maskini aliyeishi kweli, na mwaka 1831 akamwekea jiwe la kaburi.

Shujaa hapa ni binti wa mfugaji wa ng'ombe. Malkia anapita tu. Mpangilio huo, wa mtu mdogo kubebeshwa uzito wa zama zake, tunaukuta tena kwa waandishi Pushkin wa Urusi na Manzoni wa Italia.

Mwaka 1826 wachapishaji wake walianguka, naye akabaki na deni la zaidi ya pauni 120,000. Alikataa kutangazwa muflisi, akaahidi kulilipa kwa kuandika. Vitabu vya miaka hiyo vimechoka, nakiri, na kiharusi kilimpiga zaidi ya mara moja. Alifariki nyumbani kwake Abbotsford, Septemba 1832. Deni lililosalia lilikuja kulipwa kwa hakimiliki za kazi zake.