AJAX haiipeleki kazi nyuma ya pazia

Wengi tunaotengeneza mifumo huku Mtwara tunaamini ukishaita skripti ya PHP (programu inayoendeshwa kwenye seva) kwa AJAX, yaani brauza inatuma ombi bila kupakia ukurasa upya, basi kazi imeenda nyuma na seva iko huru. Hapana jamani. Iliyo huru ni brauza tu, kule kwenye seva kuna prosesi moja ya PHP imeshikwa mpaka kazi iishe, na PHP-FPM, programu inayosimamia prosesi hizo, kwa setingi za mwanzo za Ubuntu inaruhusu prosesi 5 tu, sasa chukulia siku ya mnada wa korosho makarani watano wa vyama vya msingi wanatuma meseji kwa wakulima kwa pamoja, wa sita hata kulogini anasubiri. Tena kuna la sesheni, yaani kumbukumbu za mtumiaji aliyelogini, ambalo watu hawalisemi kabisa: faili lake linapigwa kufuli ombi moja likiendelea, kwahiyo karani huyohuyo akifungua ukurasa mwingine unaganda, labda uwe umeita session_write_close, amri ya PHP ya kuachia kufuli hilo, mapema.

Dawa ni kuandika meseji kwenye jedwali la foleni, umjibu karani hapohapo, halafu skripti nyingine inayoamshwa na cron, kipanga ratiba cha seva, ndio itume. Ukiwa na watumaji wawili, wachukue mistari ya jedwali kwa FOR UPDATE SKIP LOCKED, yaani kila mmoja afunge mistari yake na kuruka iliyofungwa na mwenzake, ipo kuanzia hifadhidata ya MySQL 8.0, la sivyo mkulima wa Newala anapata meseji ya malipo mara mbili.