Gamba la jua halirudi kwa sababu dawa ni mbovu

Pitisha ncha ya kidole juu ya paji la uso, ukingo wa sikio au mgongo wa kiganja. Gamba la jua utalihisi kabla hujaliona. Ni kijisehemu kikavu, mara nyingi hakizidi kifungo cha shati, chekundu kidogo au cha rangi ileile ya ngozi, na kinakwaruza kama msasa. Ukikibandua kinatoka, na baada ya wiki mbili tatu kiko palepale. Madaktari wanakiita keratosi ya jua.

Hapa Lamu, ambako watu hushinda baharini na ufuoni, maneno yanayozungushwa kuhusu magamba haya ni mengi kuliko dawa zenyewe. Mengine hayana madhara. Mengine yanawaponza watu, hasa lile la kwamba gamba likirudi basi dawa ilikuwa bure.

"Hayo ni maradhi ya Wazungu"

Nusu yake ni kweli. Kinachozuia miale ya jua isifike ndani ya ngozi ni melanini, ile rangi yenyewe. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 vilionyesha kuwa ngozi nyeusi hupitisha takriban 7 kwa 100 ya UVB, ile miale ya jua inayounguza ngozi, na ngozi nyeupe hupitisha 24. Ndiyo maana mgeni mzee aliyejenga Shela ana magamba mikononi, na nahodha wa Kibajuni wa rika lake hana, ingawa mkono wa nahodha umeshika kana juani tangu ujana wake.

Lakini melanini ndiyo hasa anayoikosa mtu mwenye ualbino, na huyo hakuja na ndege. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino. Mzungu aliyekulia kwao kwenye baridi kwa kawaida huyaona magamba uzeeni au akiukaribia. Mwenye ualbino anayeishi karibu na ikweta anaweza kuanza kuyapata utotoni au katika ujana, na saratani ya ngozi ikamfika akiwa bado kijana. Mwalimu anayemsimamisha mtoto huyo uwanjani kwenye mazoezi ya saa tano mchana, bila kofia eti kwa kuwa kofia si sehemu ya sare, anamdhuru. Sioni njia ya kulisema hili kwa upole. Wengine walio hatarini zaidi ni waliopandikizwa figo, kwa kuwa dawa wanazomeza kila siku zinashusha kinga ya mwili.

Upande wa pili wa kosa hili ni wa akina mama wa maji ya kunde wanaotokwa na mabaka meusi mashavuni wakati wa ujauzito au baada ya kutumia vidonge vya uzazi. Mabaka hayo ni laini, hayakwaruzi. Hiyo ni melasma, jambo jingine kabisa na lenye matibabu yake. Jirani asikuazime krimu yake ya magamba kwa sababu tu nyote wawili mna madoa usoni.

"Limerudi, basi dawa haikufanya kazi"

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Gamba moja linaloonekana si ugonjwa wote. Jua la miaka mingi limeharibu DNA ya seli za ngozi katika eneo zima: paji lote, pua yote, mgongo wote wa mkono. Gamba ni pale ambapo seli chache zilizoharibika zimejikusanya zikaota juu. Pembeni yake kuna nyingine ambazo jicho halizioni, zitakazojitokeza mwezi ujao au mwaka ujao. Kwa hiyo mtu anayesema "limerudi" anaweza kuwa anasema mambo matatu tofauti.

La kwanza, ni jipya. Limeota sentimita moja kutoka lile la zamani, naye hakumbuki la zamani lilikuwa wapi hasa. Hili ndilo la kawaida, na haliikosoi dawa iliyotumika. Linaonyesha kwamba eneo zima linahitaji kutibiwa.

La pili, ni lilelile, kwa sababu matibabu hayakufika kina chake au yalikatizwa njiani. Kulibandua kwa ukucha nako kunaangukia hapa: unatoa kigaga cha juu na mzizi unaubakiza.

La tatu, si gamba tena. Kitu kinachorudi mahali palepale baada ya kutibiwa sawasawa, kikiwa kinene kuliko mwanzo, kinastahili kukatwa kipande kidogo kipelekwe maabara.

Njia rahisi ya kuyatenganisha matatu haya ni picha ya simu. Piga mkono ukiwa umeulaza mezani, mwanga wa dirishani, kabla ya matibabu na kila baada ya mwezi. Daktari ataielewa picha hiyo haraka kuliko maelezo yako.

Na kuna linalowashangaza watu: baadhi ya magamba huondoka yenyewe mtu akijikinga na jua. Huko Victoria, Australia, watu 588 wa miaka 40 na zaidi walifuatiliwa kipindi kimoja cha joto, nusu wakipewa losheni ya jua na nusu wakipewa krimu isiyo na kinga. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993: waliopaka losheni walipata magamba mapya machache, na ya zamani yaliyotoweka yalikuwa mengi zaidi.

"Krimu imenikataa, imeniunguza"

Krimu inayoandikwa sana kwa eneo zima ni fluorourasili ya asilimia 5. Usoni hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne. Migongo ya mikono huhitaji muda mrefu zaidi kwa sababu ngozi yake ni nene. Siku za kwanza huoni kitu, na mtu hudhani ameuziwa dawa bandia. Mwishoni mwa wiki ya kwanza wekundu unaanza. Wiki ya pili na ya tatu mkono unatisha: mwasho, vidonda vidogovidogo, vigaga vya rangi ya kahawia, na madoa mekundu yakitokea hata mahali ulipodhani ni pazima. Wengi hutupa tyubu siku hiyo.

Dawa hii huzuia seli kutengeneza DNA, na seli zinazojigawa kwa kasi, yaani zile zilizoharibika, ndizo zinazoumia zaidi. Yale madoa mekundu mapya ni magamba yaliyokuwa bado yamejificha. Ukimaliza muda ulioandikiwa, vidonda hufunga katika wiki mbili hadi nne. Uholanzi waliwalinganisha wagonjwa 624 kwa matibabu manne, matokeo yakatoka mwaka 2019. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wamepunguza magamba kwa robo tatu au zaidi ni takriban 75 kwa 100 kati ya waliotumia fluorourasili, 54 kwa krimu ya imikwimodi, na 38 kwa matibabu ya mwanga. Ya nne, jeli ya ingenoli, ilipata 29, na mwaka uliofuata iliondolewa sokoni Ulaya kwa hofu ya kusababisha saratani yenyewe.

Kuungua huko kuna mipaka, hata hivyo. Macho yakivimba, homa ikipanda, au vidonda vikitokea mdomoni pamoja na kuhara, simamisha dawa uende hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito haitumii kabisa. Na chagua wakati: mimi ningeipaka miezi ya kusi yenye mawingu, si kaskazi, kwa kuwa jua huzidisha mwako. Ukianza wiki mbili kabla ya Maulidi pia utajuta. Mji umejaa wageni, na kila unayempa mkono atauliza umepatwa na nini.

Kisha kuna paka. Mji huu una paka barazani, jikoni na kitandani, na fluorourasili humuua paka hata akilamba kiasi kidogo tu. Mbwa vilevile. Jipake krimu kwa kijiti cha pamba au nawa mikono mara moja, funga kifuniko, weka tyubu kabatini, na usimwache paka akakulamba mkono uliopakwa. Karatasi ya maelezo ndani ya boksi hakuna anayeisoma, kwa hiyo nalisema hapa.

"Kachomwe kwa naitrojeni, utamaliza kabisa"

Naitrojeni ya majimaji ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hunyunyiziwa gamba kwa sekunde chache, linatoa lengelenge, linakauka, linaanguka. Kwa magamba mawili matatu ni matibabu mazuri na ya haraka. Kwa mkono wenye ishirini ni kazi isiyokwisha, maana eneo lenyewe halikuguswa. Ngozi yenye rangi huweza kubaki na alama nyeupe ya kudumu, kwa hiyo uliza kabla hujakaa kwenye kiti.

"Tafuta krimu ya kung'arisha, itayafuta"

Hapana. Mikorogo mingi ina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi inatuliza wekundu kwa siku kadhaa na kumfanya mtu aamini anapona, huku ngozi ikizidi kuwa nyembamba na seli mbovu zikibaki zilezile. Nyeupisha ngozi, na umeondoa ile kinga iliyokuwa ikikusaidia.

"Kusi halina jua"

Joto na miale inayoharibu ngozi ni vitu viwili. Upepo wa kusi unakupoza, huhisi kuungua, lakini sehemu kubwa ya miale hupenya mawingu mepesi. Lamu iko nyuzi mbili na kidogo kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba, na miezi mingine haliko mbali. Kwenye kipimo cha ukali wa miale cha Shirika la Afya Duniani mtu anashauriwa kujikinga kuanzia 3, na 11 kwenda juu ni ngazi ya mwisho. Saa sita mchana hapa, kukiwa kweupe, ngazi hiyo hufikiwa. Mchanga wa ufuoni unarudisha takriban 15 kwa 100 ya miale na povu la bahari 25, kwa hiyo hata aliyekaa chini ya tanga anapigwa kutoka chini. Kipimo cha bure ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jifunike.

"Napaka mafuta ya nazi, na kofia ninayo"

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi kavu, na liwa inanukia vizuri, lakini hakuna hata kimoja kinachokinga jua la mchana kiasi cha kutegemewa. Kofia ya viua ni pambo la Mwamu. Haifuniki masikio, wala pua, wala shingo. Anayehitaji kinga avae kofia pana ya ukili na shati la mikono mirefu, kisha losheni ya jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi mahali palipobaki wazi. Kiasi: mstari mmoja kwenye urefu wa kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kwa uso na shingo. Watu hupaka robo ya hicho.

Tena irudiwe kila saa mbili, na baada ya kuoga au kutoka baharini. Udhu unaosha uso na mikono hadi viwikoni, yaani palepale magamba yanapoota, na adhuhuri na alasiri huingia jua likiwa bado kali. Aliyepaka asubuhi akadhani yuko salama mpaka jioni amekwisha kuiosha mara mbili. Tyubu ndogo mfukoni mwa kanzu, upake ukitoka msikitini.

"Gamba ni saratani tayari" na "gamba haliwezi kuwa saratani"

Zote mbili si kweli. Kwa gamba moja, uwezekano wa kugeuka saratani ndani ya mwaka ni mdogo, chini ya 1 kwa 100. Lakini mwenye magamba mengi kwa miaka mingi anajumlisha hatari hizo, na sehemu kubwa ya saratani za aina ya skwamasi, zile za seli za tabaka la juu la ngozi, huanzia kwenye ngozi ya namna hii. Kwenye mdomo wa chini usisubiri kabisa: mdomo unaopasuka, unaokauka na kuwa mweupe bila kupona unahitaji kuangaliwa mapema, kwa sababu saratani ya hapo husambaa kwa wepesi zaidi.

Usilipake kitu gamba linalouma ukilibonyeza, lenye shina gumu chini yake, linalotoa damu bila kuguswa, linalokua ndani ya wiki chache, au kidonda kisichofunga baada ya wiki nne. Krimu inaweza kuliziba juu huku linaendelea chini. Anzia Hospitali ya King Fahd, na ukihitaji daktari wa ngozi huenda ukaandikiwa barua ya kwenda Mombasa. Nenda na zile picha za simu na majina ya kila krimu uliyopaka, hata ile ya kuazima. Mwenye ualbino aliyejiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupewa losheni ya jua bila malipo kupitia hospitali za serikali. Mzazi aulize kuhusu losheni hiyo safari ileile ya kliniki, mtoto akiwa bado hana gamba hata moja.