Wimbo halisi sina

Jumatatu nimepata ujumbe mwingine. Afisa mmoja, kijana mwenye adabu zake, anaandaa wanafunzi kwa mashindano ya ngoma, na ameelekezwa kwangu kwa sababu nina nyimbo za kutwangia za upande wa Pangani. "Shikamoo mama. Naomba ule wimbo halisi, ule wenyewe wa asili, siyo hizi zilizochakachuliwa." Huyu ni wa nne tangu Ramadhani. Wa tatu alikuwa mtu wa filamu, wa pili mwanafunzi wa uzamili, na wa kwanza shemeji yangu, ambaye hana kazi na wimbo wowote ila alitaka kunishinda kwenye ubishi.

Marahaba, mwanangu. Wimbo halisi sina. Nimeanza na kanda, nikaja minidisk, sasa ni kadi ndogo kama ukucha, na kote huko sijakutana nao hata mmoja. Tena usidhani nimechelewa tu kuzaliwa.

Najua picha iliyo kichwani mwake, maana hata mimi nilikuwa nayo. Wimbo unafikiriwa kama msikiti wa kale wa Kilwa: zamani ulikuwa mzima, kisha ukaanza kumeguka, kila kizazi kikiangusha jiwe lake. Kwa hiyo unatafuta ajuza mkongwe kuliko wote, unamkalisha chini, anakupa jengo zima kabla halijaporomoka. Daftari langu la mwanzo lina safu mbili, "kamili" na "pungufu". Naona haya kulifungua mbele ya watu.

Kuna Bibi mmoja niliyemrekodi wimbo uleule mara tatu, 2009, 2014 na 2019. Mara ya kwanza uliimbwa juu ya gari la bwana wa mkonge linalopita likiwatimulia vumbi watwangaji. Mara ya pili gari halipo. Yupo kijana aliyekwenda Dar akasahau njia ya benki. Mara ya tatu akatoa hii, macho yakiwa barabarani, midomo ya wenzake ikijibana isicheke:

Boda yaja, boda yenda, hodi sijaisikia.

Wote palepale walijua bodaboda gani na mlango wa nani. Mimi nilielezwa baadaye, tukiwa tumekaa jikoni, na sitayaandika hapa.

Sasa afisa wangu nimemsimulia haya yote, akajibu upesi: "Basi tupe ile ya gari la mkonge, ndiyo ya asili." Hapa ndipo ninaposhika kichwa. Mkonge wenyewe umeletwa! Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893. Miche 1,000 ikasafirishwa, 62 tu ikafika hai, ikapandwa Kikokwe, Pangani hukuhuku. Magari yakaja baada ya hapo. Ubeti wa gari la mkonge ulikuwa ubeti wa bodaboda wa wakati wake, na bila shaka alikuwepo mzee aliyeusikia akasema vijana wa siku hizi wameuharibu wimbo.

Nilimuuliza Bibi upi ndio wenyewe. Alinitazama kama niliyeuliza mchuzi upi ndio mchuzi. "Ungekuja juzi ungesikia mwingine," akasema, akaendelea kupeta.

Lakini asije mtu akasema nimetangaza kwamba kila kitu ruksa. Ukali upo, tena ukali haswa, ila haupo pale afisa anapoutafuta. Watwangaji wakiwa wawili kwenye kinu kimoja, mchi wangu ukiwa chini wako uko juu. Anayetoa kongwe, yaani anayeongoza wimbo, anaweka maneno yake katikati ya mapigo. Waitikiaji wanaingia mchi unaponyanyuka, kwa sababu unaposhuka pumzi yote inatoka na huwezi kuimba kitu zaidi ya "hm". Mwaka ule wa 2014 binti wa jirani aliingia na kiitikio mapema, kidogo tu, hata mimi sikukiona kosa mpaka niliposikiliza tena usiku. Michi ikagongana ukingoni mwa kinu. Bibi, aliyekuwa ametoka kubadili ubeti mzima bila kumwomba mtu ruhusa, alisimama, akamtoa yule binti kinuni, akampa ungo. Maneno ni ya kwake kuchezea. Kiitikio na mahali pake ni vya kinu.

Ndiyo maana nilikosana na kijana aliyekuwa akininukulia kanda. Mtoto hodari, ila shule ilimkaa kichwani. Pale Bibi aliposema "yaja" na "yenda" yeye aliandika "inakuja" na "inakwenda", ati anasanifisha ili wasomaji waelewe. Hebu jaribu kuutwangia huo. Mizani nane zimegeuka kumi na mbili, mchi umeshatua na wewe bado uko njiani na "kwenda" yako. Lafudhi ya mtu ni sehemu ya mdundo wake. Ukisanifisha umepata sentensi nzuri ya mtihani na umepoteza wimbo, na ukishachapa hivyo, atakayekuja miaka thelathini baadaye atasema Waswahili wa Pangani hawakujua mizani.

Hapo hapo kuna suala la urefu, ambalo linanikera kuliko hata hilo. Watu husikiliza rekodi za zamani na kuniambia, "Unaona, wimbo wa asili ulikuwa mfupi, dakika tatu, hauna porojo." Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani, alipozunguka kusini mwa koloni la Wajerumani mwaka 1906 na fonografu yake, mashine ya kurekodia ya wakati ule, silinda moja ya nta ilichukua dakika mbili tatu hivi. Hugh Tracey, aliyepita kwetu Afrika Mashariki mwaka 1950 na ambaye mkusanyo wake uko ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, alikuwa akirekodi kwa ajili ya santuri, na upande mmoja wa santuri za wakati ule ulikuwa kama dakika tatu. Wimbo uliishia mashine ilipoishia. Mpunga haukuwa umekwisha! Wimbo wa kutwangia unamalizika mchele ukitoka, na magunia mawili ni asubuhi nzima.

Na ukitaka kucheka, humo humo kwa Tracey kuna wasichana wa Kikipsigis wakiimba juu ya mtu aitwaye Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani ambaye sauti yake ilifika huko kwenye gramafoni, nao wakalifinyanga jina lake mpaka likakaa kwenye ulimi wao. Leo rekodi ile inatunzwa kama yai, na katika miaka ya 2010 nakala zilirudishwa Kenya kwa wenyewe. Haki yao. Lakini angekuwapo afisa wangu siku ile ya 1950, angewatoa mstarini wale wasichana kwa kuingiza mambo ya kigeni. Au tuitazame beni, ambayo siku hizi inapewa nafasi kwenye sherehe kama ngoma ya asili ya pwani. Ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, na tarumbeta, gwaride na vyeo vya kijeshi juu.

Wakubwa wa mambo haya walishakubali. Mkataba wa UNESCO wa 2003 unasema urithi wa aina hii huundwa upya daima na wenyewe. Mwaka uliofuata wataalamu walikutana Nara, Japani, wakaandika katika Azimio la Yamato kwamba kigezo cha uhalisi tunachotumia kwa majengo hakifai kwa urithi usioshikika. Tanzania iliuridhia mkataba huo 2011, Kenya 2007. Karatasi zipo kwenye makabati. Fomu za mashindano bado zina kisanduku cha "uhalisia", alama ishirini.

Mambo ya vifaa nitayapitia haraka, maana ndiyo watu hupenda kuniuliza na ndiyo rahisi. Rekodi WAV, faili linaloshika sauti nzima, usirekodi MP3 inayoipunguza. Usinitumie kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti kisha ukaniambia umehifadhi. Nakala tatu, moja ikae mji mwingine. Kabla ya wimbo sema mwenyewe kwenye maikrofoni tarehe, mahali, nani anaimba na kazi gani inafanyika, kwa sababu daftari hupotea na sauti hubaki. Jogoo usimfukuze. Baada ya wimbo usizime. Maneno ya maana husemwa mtu akidhani umezima, na ndiyo maana umwambie kabisa hujazima.

Sasa lile ambalo silipendi kulisema. Mashine ya kukoboa imefika kila kijiji nilichofanyia kazi, na hakuna mwanamke mwenye akili timamu atakayetwanga gunia la mpunga ili mimi nifurahi. Rekodi yangu ya 2019, ile ya bodaboda, ilifanywa kwa kinu kitupu. Mchi ukigonga kinu kitupu unadunda. Haupati mpunga wa kuzama ndani yake, kwa hiyo mapigo yanakwenda mbio, na mlio wake ni mkavu, mshale wa mashine yangu ukawa unagonga nyekundu kila mara. Bibi aliona ninavyohangaika, akaenda kuchota pumba akamimina kinuni. Sauti ikawa nzuri. Mapigo yakarudi karibu na yale ya 2009, lakini hayakufika. Nimeyapima mara kadhaa nikitumaini nimekosea. Je, nilichorekodi ni wimbo wa kutwangia, au ni wanawake wanne wakimwonyesha mgeni jinsi walivyokuwa wakiimba? Hata ule ubeti wa bodaboda nina wasiwasi nao. Huenda uliimbwa hasa kwa sababu maikrofoni ilikuwepo, na Bibi aliona fursa ya kupeleka kijembe mbali kuliko ua wake. Ikiwa ni hivyo, mimi ndiye niliyeutunga nusu yake. Sina jibu, na kwenye maelezo ya rekodi nimeandika "kinu na pumba" ili atakayekuja ajue.

Kuna na sanduku jingine ambalo halifunguliwi. Mimi nilichezwa, kwa hiyo nyimbo za unyago naruhusiwa kuzisikia, na makungwi wawili walinikubalia nirekodi kwa sharti kwamba mwanamume asisikie wala msichana asiyechezwa. Faili zipo, zimefungwa kwa nenosiri ninalolijua mimi na binti yangu. Kuna wenzangu wanaoniambia kisichosikilizwa hakijahifadhiwa. Kuna usiku nakubaliana nao. Asubuhi namkumbuka kungwi alivyonishika mkono, na nenosiri linabaki lilivyo.

Haya, afisa wangu. Baada ya kuandika yote haya moyo uliniingia huruma, kijana ana mashindano yake. Nimemtumia faili tatu za Bibi, 2009, 2014 na 2019, pamoja na ushauri wa bure: watoto washike kiitikio kwa kutwanga kweli, angalau kilo mbili za mpunga, kisha ubeti wautunge wao, juu ya shule yao, juu ya mwalimu wa zamu, juu ya uji wa saa nne. Alifungua zote usiku uleule, niliona zile alama mbili za buluu. Alfajiri ameandika: "Asante sana mama, Mungu akubariki. Sasa kati ya hizi tatu, ya asili ni ipi?"